Jiwe huzama, sasa mafuriko hulibebaje?

Ukitupa kokoto mtoni, inazama. Ukisukuma gogo zito kwenye mto huohuo, linaelea. Kwa hiyo jibu tulilozoea, kwamba jiwe huzama "kwa sababu ni zito", halitoshi. Gogo ni zito kuliko kokoto mara elfu na zaidi, na bado liko juu!

Siri iko kwenye densiti, yaani kilo ngapi zimejazana ndani ya nafasi fulani. Chukua ndoo ya lita 10. Ukiijaza maji, unabeba kilo 10. Tuseme tungeweza kuijaza graniti, kama yale mawe makubwa ya Mwanza, bila kuacha mwanya hata kidogo: zingekuwa kilo 27 hivi.

Maji nayo hayakai tu. Kitu kikiingia majini kinayasogeza, na maji hukisukuma kwenda juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Archimedes wa Sirakusa alilieleza hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Jiwe letu la kilo 27 linasogeza lita 10, basi maji yanalibebea kilo 10. Kilo 17 zilizobaki hazina wa kuzibeba, ndiyo maana linakwenda chini. Lile jiwe la volkano lenye matundu mengi ya hewa, ambalo watu husugulia miguu, linaweza kuelea kwa sababu sehemu kubwa ya umbo lake ni hewa.

Tofauti hii ya densiti tunaitumia kila siku. Mvuvi hufunga vyelezo upande wa juu wa wavu na mawe au risasi upande wa chini, wavu usimame wima kama ukuta. Jikoni, ukitikisa mchele ndani ya maji kisha ukaumimina taratibu kwenye chombo kingine, changarawe hubaki chini. Mchele nao huzama, ila jiwe huuwahi. Hata mchimbaji mdogo anayeosha mchanga wa dhahabu anategemea jambo hilohilo: dhahabu ina densiti kama mara 7 ya mchanga, hivyo maji huchukua mchanga na dhahabu hutulia.

Sasa jaribu mwenyewe. Funga jiwe kwa kipande cha mpira wa baiskeli, lining'inize, uangalie mpira umevutika kiasi gani. Kisha lishushe ndani ya ndoo ya maji bila kugusa chini. Mpira unafupika! Jiwe ni lilelile, ila maji yamekupokea sehemu ya mzigo.

Hapo ndipo penye hatari. Jiwe la kilo 27 likiwa ndani ya maji hukandamiza chini kama la kilo 17 tu, kwa hiyo mkondo mkali hulisukuma kwa urahisi zaidi. Tope ni baya zaidi. Tope zito likiwa na densiti ya 1.8, jiwe hilo hubaki kama la kilo 9. Ndiyo maana Desemba 2023, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, lilishuka na mawe na miti hadi kwenye makazi ya watu.

Na wewe je? Densiti ya mwili wako inakaribia sana ile ya maji. Maji yakikufika kiunoni, miguu yako haikanyagi tena kwa uzito wako wote, na msuguano unaokushikilia chini unapungua. Wakati huohuo mkondo unakusukuma kwa pembeni, na yale mawe yanayobingirika huyaoni. Jiwe likikugonga, kumbuka kwamba maji yamelipunguzia mzigo tu. Kilo zake 27 zinakuja zote kwa kasi.

Kwa hiyo mto ukifurika, usipime kina kwa miguu yako wala usijitie moyo kwamba una kilo 80. Rudi, subiri maji yapungue.