Mjane na Madaftari ya Mumewe

Twawaletea habari za mtu aliyekufa kijana, na za mkewe, jinsi alivyomkumbuka.

Bwana Godfrey Wilson alizaliwa mwaka wa 1908. Baba yake alikuwa John Dover Wilson, Mwingereza aliyesifiwa kwa elimu yake ya vitabu vya Shakespeare. Mwaka wa 1934 Godfrey alifika Rungwe, katika nchi ya Mbeya, ili ajifunze desturi za Wanyakyusa. Mwaka uliofuata alimwoa Bibi Monica Hunter, mtoto wa wamisionari wa Lovedale, Afrika Kusini, naye akaja Rungwe. Wakajifunza lugha, wakakaa na watu hata mwaka wa 1938, na yale waliyoyasikia wakayaandika madaftarini.

Bwana Godfrey aliyatazama sana maziko. Aliona wanawake wakilia kwa sauti kuu, na wanaume wakicheza na mikuki mikononi, hata kilio kikageuka kidogo kidogo kuwa mizaha na vicheko. Mgeni mwenye haraka angalisema, Hawa hawana huzuni. Yeye aliwauliza wachezaji wenyewe, nao wakamweleza kwamba wanacheza kwa sababu mna vita mioyoni mwao, kwa huzuni na hofu. Haya aliyachapisha mwaka wa 1939. (Wakristo wa siku zile walikuwa wameiacha ngoma hiyo, wakaimba nyimbo za dini kaburini.)

Kisha msiba ukafika nyumbani kwake. Mwezi wa Mei 1944, vita kuu ya pili ingali ikiendelea, Bwana Godfrey alifariki, naye alikuwa mtumishi katika jeshi la Afrika Kusini, tena amesumbuliwa na ugonjwa wa huzuni. Hakutimiza miaka arobaini. Aliacha mjane na wana wawili wadogo. Baba yake aliishi hata 1969.

Yakabaki madaftari. Nasi twajua nyumba ambamo karatasi za marehemu zilifungiwa chumvi kabla matanga hayajaisha, wala hakuna aliyeona vibaya. Bibi Monica aliyahifadhi. Alilea watoto, alifundisha, na mwaka wa 1952 akawa profesa huko Cape Town. Lakini kazi ya wawili hakuiacha. Mwaka wa 1951 alitoa kitabu cha kwanza cha Wanyakyusa, akakipa jina kutokana na neno lao ukwangala, yaani kukaa na wenzi kwa furaha, kula na kuzungumza pamoja. Mjane ndiye aliyechagua neno hilo!

Mwaka wa 1955 alirudi Rungwe kuwaona watu tena. Vitabu vya ibada na mila vikafuata mwaka wa 1957 na 1959, na ndani yake mna maandishi ya mumewe pamoja na yake. Cha mwisho kilitoka mwaka wa 1977, miaka 33 baada ya kifo, bibi akiwa na umri karibu na miaka 70.