Kifo Kimehamia Kwenye Katuni

Yeyote aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza anaijua kanuni moja ya sinema bila kufundishwa: steringi hafi. Atapigwa, atatekwa, atafungwa kamba na kuachwa na bomu linalohesabu sekunde, lakini muvi ikiisha atakuwa amesimama. Kanuni hiyo haikuwahi kuharibu utamu, kwa sababu steringi wa zamani hakufa ila aliumia. Katika Die Hard ya mwaka 1988, Bruce Willis anaingia kwenye mapambano akiwa peku, na kiongozi wa majambazi akishaliona hilo anaamuru vioo vipigwe risasi ili sakafu yote ijae vigae. Steringi hana njia nyingine, anapita juu yake. Kisha tunamkuta bafuni anachomoa vipande vya kioo nyayoni, damu imetapakaa, anaongea kwa redio na polisi aliye nje ya jengo na kumpa ujumbe wa kumwomba radhi mkewe endapo hatatoka. Mtazamaji anajua kwamba atatoka. Yeye hajui, na uso wake unaonyesha hivyo, na kwa dakika chache hofu yake inakuwa yetu.

Hofu ya namna hiyo imepungua sana kwenye muvi za ekshen za miaka ya karibuni. Haikupotea, imehamia mahali ambapo wengi hatukuitarajia, kwenye filamu za familia, zile tunazoziita katuni na kuwaachia watoto sebuleni huku wakubwa tukiendelea na mambo mengine. Mtu anayetaka kukaa gizani na kumhofia mhusika kwa dhati, akijiuliza kama kilichopotea kitarudi, siku hizi ana nafasi nzuri zaidi akinunua tiketi ya filamu ya paka kuliko ya magari yanayoruka kutoka ghorofani.

Paka mwenyewe ni huyu wa Puss in Boots: The Last Wish, iliyotoka mwishoni mwa 2022. Anapoanza ni steringi kwa viwango vyote: anaimba, anapigana na jitu, anashangiliwa na mji mzima, kisha kengele inamwangukia na kumuua. Anaamka kwa daktari, ambaye anamhesabia vifo vyake. Paka ana maisha tisa. Manane yameshakwenda, mengi yao kwa upuuzi na majigambo, na filamu inatuonyesha vifo hivyo mbiombio kama vichekesho. Tunacheka. Halafu paka anakwenda kunywa, na pembeni yake anakaa mbwamwitu aliyevaa kofia ya joho, anayepiga mluzi taratibu. Wanapigana, na kwa mara ya kwanza steringi anakatwa: tone moja la damu linamshuka kutoka kwenye paji la uso. Manyoya yanamsimama, anakimbia. Baadaye, katikati ya msitu, hofu inamkamata hadi hawezi kupumua, sauti ya moyo wake inajaza ukumbi, na kinachomtuliza si upanga bali mbwa mdogo anayekuja kulaza kichwa juu yake bila kusema neno. Mbwamwitu yule, tunakuja kuambiwa bila mafumbo, ni Kifo chenyewe, na amekasirika kwa sababu paka huyu alikuwa akimcheka. Mwisho paka hamshindi. Anakiri kwamba hataweza kumshinda kamwe, lakini uhai mmoja aliobaki nao ataupigania, na Kifo kinaondoka kikijua watakutana tena.

Ni mara ngapi steringi wa ekshen amekiri jambo kama hilo? Tazama mfululizo wa Fast & Furious, unaopendwa sana kwetu na ambao kwa kweli una vionjo vyake. Letty aliripotiwa kuuawa katika filamu ya 2009, akarudi. Han aliteketea garini kule Tokyo katika filamu ya 2006, akarudi mwaka 2021. Gisele aliporomoka katika pambano la ndege mwaka 2013, na mwishoni mwa Fast X ya 2023 akatokea. Katika filamu ya saba Dwayne Johnson yuko hospitali, mkono umefungwa plasta ngumu. Akisikia mji unashambuliwa anakaza msuli, plasta inapasuka, anakwenda kazini. Ukiliweka tukio hilo kando ya nyayo za Bruce Willis utaona umbali uliosafiriwa. Waandishi wenyewe wanajua: katika filamu ya tisa Roman anawauliza wenzake kwa nini baada ya hatari zote hizo hawana hata mkwaruzo, kama vile hawawezi kufa, na muda si mrefu anapelekwa angani ndani ya gari. Ni utani mzuri. Lakini filamu ikishaanza kujitania kwamba watu wake hawafi, inakuwa imekiri kwamba haina cha kututishia.

Marvel nao wamefika mbali zaidi. Mwaka 2018 walifuta nusu ya viumbe wote wa ulimwengu, watu wakageuka vumbi mbele ya macho yetu, na kumbi nyingi zilizizima. Ila Spider-Man alipokuwa akiyeyuka mikononi mwa Tony Stark, filamu yake nyingine ilikwishapangiwa kutoka Julai 2019. Mtoto yeyote anayefuatilia mabango angeweza kumfuta machozi mzazi wake. Tony Stark mwenyewe alikufa katika Endgame na kufanyiwa mazishi ya heshima; mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mwigizaji wake, Robert Downey Jr., anarudi, safari hii kama adui, Doctor Doom. Na kuna lile la Wolverine. Logan ya 2017 ilikuwa kifo cha kweli, cha mtu mchovu aliyezikwa na binti mdogo porini. Deadpool & Wolverine ya 2024 inaanza kwa kulifukua kaburi hilo, kisha Deadpool anaitumia mifupa ya marehemu kama silaha, huku akicheza muziki. Watu walicheka, na filamu ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

Kutokana na fedha hizo, mtu anaweza kupinga hivi: watazamaji wamelipa kwa hiari yao, na aliyekwenda kuangalia ekshen baada ya wiki ya kazi hakwenda matangani. Anataka kuona magari, ngumi na adui akipata anachostahili. Hoja hii ina uzito, na dharau inayoonyeshwa kwa burudani ya namna hiyo aghalabu hutoka kwa watu wasioijua kazi yake. Lakini tusichanganye raha na usalama. Kilichowafanya watu wapige mayowe kibandani, na kilichompa DJ Afro wa Kenya la kusema anapozitafsiri filamu hizi kwa sauti yake, ni uwezekano kwamba mambo yataharibika. Msimuliaji mzuri hukaza sauti pale steringi anapozidiwa. Asipozidiwa kamwe, kazi yote ya kusisimua inabaki mdomoni mwa msimuliaji. Tena soko lenyewe halikubaliani na hoja hiyo moja kwa moja. Filamu ya katuni iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia ni Ne Zha 2 ya China ya mwaka 2025, iliyovuka dola bilioni 2, na kilele chake ni mama anayemkumbatia mwanawe ndani ya tanuri, ilhali mwili wa mtoto umejaa miiba inayomchoma, na hamwachi mpaka anatoweka. Humo pia wamo walioumbiwa miili upya, sikatai, lakini mama yule anaachwa aende.

Upinzani wa pili ni wa historia. Katuni zimeua tangu zamani: mama yake Bambi alipigwa risasi mwaka 1942, na Mufasa alitupwa kutoka jabalini mwaka 1994, na waliokuwa watoto wakati ule bado hawajalisahau tukio hilo. Kweli kabisa. Tofauti ni kazi ambayo kifo kinapewa. Katika hadithi hizo mzazi hufa ili mtoto aanze safari. Kifo ni mlango, ukishapita unafungwa, kisha zinaingia nyimbo na marafiki. Filamu za sasa zinakaa na kifo njia nzima. The Wild Robot ya 2024 inaanza na roboti anayeporomoka na kukiponda kiota cha bata bukini, wazazi na mayai, likabaki yai moja tu. Roboti huyo, Roz, kwa sauti ya Lupita Nyong'o, anamlea kifaranga ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya yatima, na kifaranga anakuja kuujua ukweli huo. Kandokando yao kisiwa kizima kinakula na kuliwa, na filamu inathubutu kulifanyia mzaha jambo hilo: watoto wa oposamu, mnyama wa Amerika anayejifanya maiti akitishwa, wanashindana kutaja wamekufa kwa nini. Flow, iliyotengenezwa Latvia na Gints Zilbalodis kwa programu ya bure ya Blender, haina hata neno moja la mazungumzo. Ina paka, mafuriko, mashua na wanyama wasiopendana. Maji yanapokupwa, nyangumi mkubwa anabaki nchi kavu katikati ya miti, na yule paka aliyekuwa akiogopa kila kitu anakwenda kusimama karibu naye. Ilishinda Oscar ya katuni bora mwaka 2025, ikiziacha nyuma The Wild Robot na Inside Out 2.

Wapo watakaoniuliza kuhusu James Bond, aliyelipuliwa kwa makombora katika No Time to Die ya 2021, na John Wick. Bond ni rahisi kumjibu: kila mtu alijua wakati anakufa kwamba ataletwa mwigizaji mwingine na hesabu itaanza upya. John Wick anastahili kusikilizwa zaidi, kwa sababu mwongozaji wake, Chad Stahelski, aliwahi kuwa mmoja wa wale wanaoruka na kuanguka kwa niaba ya masteringi, na anajua mwili unavyouma. Katika filamu ya nne, ya 2023, Keanu Reeves lazima apande ngazi 222 hadi kanisa la Sacré-Cœur mjini Paris kabla ya jua kuchomoza. Anapigana hadi karibu na juu, kisha anapigwa teke na kuporomoka ngazi zote mpaka chini, na anguko lile linaendelea kwa muda mrefu kiasi kwamba kicheko kinageuka huruma. Anaanza tena. Baada ya hapo anapigana pambano la bastola, anakaa kitako, anakufa, anazikwa kando ya mkewe. Hiyo ni ekshen ninayoitetea kwa moyo wote. Mwaka 2025 studio ikatangaza kwamba filamu ya tano inaandaliwa, na Reeves yumo.

Chanzo cha haya yote si kwamba waandishi wa ekshen wamepungukiwa na kipaji. Mhusika wa ekshen sasa ni mali, kama kiwanja kinachongoja kujengwa ghorofa nyingine, na hakuna mwenye mali anayekubali iungue kwenye filamu ya pili ilhali ya sita imeshatangazwa. Lipo pia suala la viwango vya umri. Nchini Marekani, kiwango cha PG-13 kilichoanzishwa mwaka 1984 huruhusu kijana kuingia bila mzazi, na filamu ya gharama kubwa inahitaji tiketi za vijana hao. Kipimo kinatazama zaidi damu na matusi, kwa hiyo njia nyepesi ni kuacha watu mia wafe bila damu. Matokeo yake ni kinyume cha malezi: mtoto anaona miji ikibomoka bila mtu kuumia, na kwamba anayekufa hurudi. Tone moja la damu ya paka lina uzito zaidi kuliko maporomoko hayo. Na tusidanganyike kwamba katuni iko huru kwa sababu haina mfululizo. Paka huyu ametoka kwenye mfululizo wa Shrek, hazeeki, wala hadai nyongeza ya malipo. Kumfufua kungekuwa rahisi kuliko kumfufua mwigizaji yeyote. Walichagua kutofanya hivyo.

Mzazi bado ana haki ya kuuliza kama ni sawa mtoto apelekwe kumwona mbwamwitu mwenye macho mekundu anayejiita Kifo. Kwa mtoto wa miaka minne jibu langu ni hapana, na alama ya PG inayobandikwa kwenye filamu hizi ina maana mzazi awe karibu, si mzazi apate nafasi ya kupumzika. Kwa mkubwa kidogo, hofu si ngeni: ngano za bibi zilijaa mazimwi yanayomeza vijiji. Mtu mjanja atanikumbusha kwamba zimwi likipasuliwa wote hutoka wazima, sawasawa na Marvel, na sina jibu zuri kwa hilo, ila kwamba bibi alikuwepo pale pale kuulizwa. Ninachokiogopa zaidi kwa filamu za familia ni mkondo wa fedha. Toy Story 3 ya mwaka 2010 iliaga vizuri kabisa: kijana anayekwenda chuo anamkabidhi binti mdogo wanasesere wake mmoja mmoja, akimweleza kila mmoja ni nani. Ikaja ya nne mwaka 2019 ikaaga upya, na Pixar wakaamua kutengeneza ya tano.