Tujiandae Kabla ya Gharika

Hewa ikizidi joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi. Ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika Dar es Salaam. Mafuriko yale yaliua watu wapatao 40 jijini.

Basi tujiandae mawingu yangali mbali. Vyeti na dawa viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kubalianeni nyumbani mtakutania wapi mwinukoni, na nani atambeba bibi. Msivuke maji yaendayo kasi: hata yasiyofika magotini yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakipungua, chemsheni ya kunywa, maana kipindupindu hufuata mafuriko. Kabati litanunuliwa jingine, mtu hanunuliwi.