Anaandikiwa Nani? Sayyida Salme na Tawasifu za Wanawake Waliohama (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi wanawake wa Kiafrika walioishi ughaibuni walivyoanza kuandika maisha yao, tukaishia kwenye swali linaloulizwa karibu kila vitabu vyao vinapofunguliwa: mbona hawakuandika kwa lugha za kwao? Swali hilo huulizwa kwa sauti ya hakimu. Nyuma yake ipo dhana kwamba lugha ya kitabu ni kipimo cha nafsi, na kwamba mwanamke aliyesimulia maisha yake kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza amekwisha kuhama hata moyoni, akabakiwa na majina ya vyakula na ya marehemu tu. Dhana hiyo siikubali. Lugha ya tawasifu hutujulisha kwanza mwandishi alikuwa akisema na nani, na mara nyingi huyo anayeambiwa ndiye anayemfanya msemaji ajitaje kama mwenyeji au kama mgeni. Ushahidi wangu mkubwa unatoka Unguja, kwa mwanamke ambaye jina lake tunalijua sote lakini maandishi yake wengi wetu hatujayasoma.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi, mtu wa Kaukazi. Mbele ya Sultani kilisemwa Kiarabu, lakini vyumbani na uani zilisikika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Mabinti wa ukoo ule walifundishwa kuisoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu, na ujuzi huo ukaja kumtia matatani. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao Sayyid Majid, aliyekuwa Sultani wakati huo, msichana huyu wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Njama ilivunjwa. Baadaye alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa akiishi Unguja, akapata mimba, na mwaka 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Huko ndiko alikobatizwa, akaitwa Emily, akaolewa mwaka 1867. Mwaka 1870 Heinrich alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika mji ambamo yeye, mumewe, ndiye aliyekuwa mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886 kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin. Katika utangulizi anaeleza kwamba alianza kuziandika miaka kadhaa kabla, kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao ametoka wapi. Jambo hili hupitwa haraka mno na wanaomhukumu. Watoto wale walikulia Ujerumani na lugha yao ilikuwa Kijerumani. Mama anayetaka kusikika na wanawe angeandika kwa lugha gani nyingine? Lakini hadi kitabu kinafika kiwandani, wasikilizaji walikuwa wameongezeka. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja kumlazimisha Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, akubali madai ya Ujerumani huko bara. Salme aliletwa katika safari hiyohiyo, akitaraji kupata urithi wake. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alikuwa amemwona kama karata ya kuchezea, na baada ya Barghash kukubali mambo makubwa, karata hiyo haikuhitajika tena. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, wakati msomaji wa Berlin anasoma habari za Zanzibar magazetini kila siku na kuamini kwamba mwanamke wa Kiislamu ni mfungwa. Kwa hiyo Salme anafafanua na kutetea. Anaeleza mfungo wa Ramadhani, sikukuu mbili, malezi, tiba, nafasi ya mwanamke. Anashikilia kwamba wasafiri wa Kizungu wameandika juu ya nyumba ambazo hawajapata kuingia. Kurasa hizo zinasema kutoka ndani ya Uarabu wake kwa ukakamavu ambao huenda asingeuhitaji kabla hajahama; pale Mtoni hapakuwa na mtu wa kumdai athibitishe yeye ni nani.

Kama ushahidi wetu ungekuwa kitabu hicho peke yake, mpinzani angeweza kusema kwamba Salme amejipaka rangi ya Mashariki ili auze. Bahati nzuri yapo maandishi mengine. Salme aliacha mswada mrefu ulioandikwa kwa mtindo wa barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Zanzibar, asiyetajwa jina. Hakuuchapisha uhai wake, naye alifariki mwaka 1924 mjini Jena. Ulichapishwa kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza huko Leiden mwaka 1993, kisha kwa Kijerumani chenyewe mwaka 1999. Tazama basi ajabu yake: barua za kwenda Unguja zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo huyo rafiki asingeisoma. Anayepima nafsi kwa lugha atasema huu ndio mwisho wa hoja, kwamba hata akimwandikia mtu wa nyumbani Kiswahili hakimjii. Lakini asome yaliyomo. Humo Zanzibar haifafanuliwi, kwa sababu anayeambiwa anaijua. Kinachofafanuliwa ni Ujerumani: baridi, milango iliyofungwa, watu wanaomkodolea macho, dini mpya isiyomkaa moyoni, sheria ya Hamburg iliyomwekea mjane wasimamizi katika mambo ya mali na ya wanawe. Mwanamke aliyekwisha kuwaeleza Wajerumani kwamba Mwarabu wa kike humiliki mali yake mwenyewe, hapa anamweleza rafiki yake namna mali inavyomponyoka mikononi Ulaya. Lugha ni ileile, mkono ni uleule, ila aliyekaa upande wa pili amebadilika, na kwa kubadilika kwake mgeni wa kushangaliwa amekuwa Mjerumani. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huu kwamba lugha na nafsi haviendi pamoja kama kivuli na mtu.

Wapo watakaouliza kama Salme anafaa hata kidogo kuitwa shahidi wa wanawake wa Kiafrika. Baba Mwomani, mama Mcherkesi, binti wa Sultani aliyerithi mashamba na watumwa wa kuyalima. Na mbaya zaidi, kitabu chake kina sura inayoutetea utumwa na kuwasema vibaya Waafrika weusi. Pingamizi hili ni zito na halipaswi kufunikwa. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete, kisha, watu walipozisoma kurasa hizo, jina likaondolewa. Mimi siwalaumu walioliondoa. Lakini kuzaliwa Mtoni ni kuzaliwa Afrika, na pwani yetu haijapata kuwa na watu wa asili moja. Kuhusu utumwa, kuandika kwa kumjibu msomaji wa Ulaya hakumtoi mtu hatiani. Kunaonyesha tu hatia hiyo ilipata umbo gani. Salme anautetea utumwa kwa kuwakumbusha Wazungu unafiki wao, na unafiki huo ulikuwepo kweli. Jibu lake linamtosha Mjerumani. Halimtoshi mtumwa aliyelima mikarafuu, kwa kuwa mtumwa hakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji. Kwa hiyo swali la kitabu kimeandikiwa nani hutufikisha hata kwenye dhuluma yake: linatuonyesha nani hakuogopwa.

Pingamizi la pili lina mizizi ndani zaidi ya fasihi yetu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind, kitabu kilichotoka mwaka 1986, miaka 100 kamili baada ya kumbukumbu za Salme, alishikilia kwamba lugha hubeba utamaduni, na kwamba Mwafrika aandikaye kwa lugha ya mkoloni huikuza nyumba ya mwingine. Naliheshimu dai hilo, na kama mwito kwa waandishi walioko nyumbani sina neno nalo. Ila tukumbuke lilizaliwa wapi. Ngũgĩ aligeukia Kikuyu alipofanya kazi na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walioigiza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Alikuwa na hadhira mbele ya macho yake, ikicheka na kumrekebisha. Mwanamke aliyeko Hamburg hana Kamiriithu. Na hata palipo na hadhira mambo si mepesi. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyosemwa kwa Kiswahili na watu wasiohamia Ulaya. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1989, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 1991. Lugha ya kinywa ilikuwepo, wenye maisha yao walikuwepo, na bado mlango uliofunguka kwanza ulikuwa wa wasomaji wa mbali. Uchapishaji una njia zake, na nafsi za wasimulizi hazikupata nguvu wala udhaifu kwa kupangwa foleni namna hiyo.

Noni Jabavu ananilazimisha niipunguze makali hoja yangu kidogo. Binti huyu wa Profesa D. D. T. Jabavu wa chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, alipelekwa Uingereza mwaka 1933 akiwa na miaka 13, na mwaka 1960 akatoa Drawn in Colour, kitabu kilichotokana na kuuawa kwa ndugu yake wa kiume Johannesburg. Lugha ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, msomaji aliyekusudiwa ni Mwingereza mwanzo hadi mwisho. Akiwa kwa jamaa zake Waxhosa, anawasemea kama mtu wa nyumbani na kuyaacha maneno yao yasikike. Akifika Uganda, kwa dada yake aliyeolewa huko, anakuwa mgeni kabisa, tena mgeni mwenye dharau. Msomaji hakubadilika, ila wenyeji walibadilika. Basi wapo watu wawili wa kuangaliwa katika tawasifu ya mhamaji: anayeambiwa na anayemkaribisha. Lugha inabaki palepale.

Kwa Scholastique Mukasonga mambo ni magumu zaidi. Alizaliwa Rwanda mwaka 1956, familia yake ikahamishiwa Nyamata kwa nguvu, mwaka 1973 akakimbilia Burundi, na tangu mwaka 1992 anaishi Ufaransa. Watu wake wa Nyamata waliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mama yake Stefania akiwa mmoja wao. Mwaka 2006 alitoa Inyenzi ou les Cafards, na mwaka 2008 La Femme aux pieds nus, kitabu cha mama huyo. Vyote ni vya Kifaransa, na Kinyarwanda kimo ndani yake kwa vyakula, miti, sherehe na maombolezo. Kumuuliza kwa nini hakumwandikia Stefania kwa lugha ya Stefania ni kusahau kwamba wauaji walikwisha kumnyang'anya msikilizaji huyo. Kifaransa ni lugha ya shule iliyomtenga na wenzake na pia ya nchi iliyompokea, na ndiyo inayowafikia watu wasiojua kwamba Nyamata ilikuwapo. Hapa kufafanua si kujipendekeza kwa mgeni. Ni kuandikisha ushahidi mbele ya watu ambao, wasipoambiwa, watadai hakukuwa na kitu.

Msomaji wa Kiswahili naye ni msomaji ambaye wanawake hawa hawakumtarajia, na akivishika vitabu vyao anavibadilisha. Sura za Salme juu ya Ramadhani, zilizokuwa kiini cha utetezi wake mbele ya Berlin, yeye atazipita upesi. Hana haja ya kuelezwa daku ni nini. Atakapofika kwenye sura ya utumwa atasimama, maana pengine babu wa babu yake alikuwa katika mashamba yaleyale, na majibu aliyopewa Mjerumani hayamhusu. Katika sehemu ya tatu tutamwangalia Ken Bugul wa Senegal, ambaye mwaka 1982 alichapisha tawasifu yake Dakar, mbele ya wasomaji wa kwao wenyewe, akiificha nafsi yake nyuma ya jina la kubuni.