Mkono Mmoja Haulei Mwana, Hata wa Mwanasheria

Muhula mmoja nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria stadi za mawasiliano, palikuwa na mwanamke aliyeketi siku zote karibu na mlango. Nilimdhania kuwa mtoro. Siku moja, baada ya mhadhara wa saa tatu, nilimkuta nje chini ya mti akimnyonyesha mtoto wa miezi minne, huku yaya amemshikia kitabu cha sheria ya mikataba. Hapo ndipo nilipoifahamu siri ya kiti kile.

Majuma machache baadaye mtoto alilazwa hospitalini kwa nimonia, na mama akakosa jaribio. Alipokwenda ofisini kuomba alifanye siku nyingine, aliambiwa: "Mama, mshika mbili moja humponyoka. Chagua." Mwaka huo ulimpotea.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi ya mwanaisimu ni kuyapima maneno. Methali, msomaji, haisemi kweli kila mahali. Husema kweli mahali pake. Mshika mbili ni onyo kwa mwenye tamaa, ambaye angeweza kuiacha moja asidhurike. Mtoto si kitu cha kuachwa. Methali iliyolifaa jambo lile ni nyingine, ambayo afisa yule aliisahau: mkono mmoja haulei mwana.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Shahada ya kwanza ya sheria nchini huchukua miaka minne. Kisha mhitimu hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi, ambako husoma masomo tisa, yakiwamo uendeshaji wa kesi za madai na uandishi wa hati za kisheria, na kukabiliwa na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Aidha sharti atumikie miezi sita chini ya wakili mzoefu, aghalabu kwa posho ndogo, kabla ya kuapishwa. Hiyo ni takriban miaka sita, tena ya umri uleule ambao watu wengi huoa, huolewa na kupata watoto.

Kinaya ni kwamba sheria anayoisoma mzazi huyu inawajua wazazi vyema. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, hukataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito. Mwanafunzi huyakariri haya, huyajibu mtihanini na kutuzwa alama. Hata hivyo yeye si mwajiriwa. Mhadhiri akijifungua, likizo ni haki yake. Mwanafunzi wake akijifungua juma lilo hilo, hutegemea huruma ya mkuu wa idara.

Na akina baba je? Mwanafunzi wa kiume akipata mtoto hupongezwa na kununuliwa soda, wala hapana anayemwuliza mtoto amebaki na nani. Ilhali kifungu cha 53 cha Katiba iyo hiyo kimesema wazi kwamba wajibu wa kumtunza mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Yamkini wapo watakaosema kwamba uwakili haujifunzwi kwa kubembelezwa, na kwamba mteja aliye kizimbani hatajali wakili wake alikesha na mtoto au la. Nakubaliana nao. Mzazi haombi alama za bure. Anaomba apewe jaribio jingine mtoto anapolazwa, aruhusiwe kuahirisha masomo bila kupoteza nafasi yake, na apate chumba kimoja chenye kiti na mlango unaofungika. Mambo haya hayamshushi hadhi wakili yeyote. Yaandikwe katika kanuni za vyuo, yasiachiwe moyo wa mtu, kwa maana moyo wa mtu hubadilika kila siku.

Nyumbani nako pana deni. Mume, nyanya, shangazi na jirani wana sehemu yao, hasa usiku wa kuamkia mtihani.

Neno wakili tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyeaminiwa kusimama mahali pa mwenzake. Kwa miaka sita tunamfundisha mtu kusimama kwa niaba ya wengine. Siku mtoto wake alipolazwa, mwanafunzi wangu alisimama mbele ya meza ile peke yake, na mimi niliyekuwa mwalimu wake nilipata habari mambo yakiwa yamekwisha. Alirudi mwaka uliofuata, akaketi pale pale karibu na mlango. Safari hii nilimwuliza hali ya mtoto.