Tungule Yenye Malaika: Je, Inaweza Kustawi Huku Diani?



Kila jiko, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, linataka tungule (au nyanya, kama wengine wanavyoita). Nyingi tunazonunua sokoni zinatoka mbali, kama vile Taveta na Loitokitok. Zikipungua huko bei inapanda huku, na mama ndiye anayehesabu sarafu. Kwa hiyo miche michache nyuma ya nyumba si mchezo. Leo tueleze aina moja ya ajabu kidogo: tungule yenye manyoya.

NI TUNGULE GANI HII?

Ngozi yake haing'ai. Imevaa malaika. Si wale wa mbinguni, bali vile vinywele laini kama vya mkononi. Ukiishika utadhani ni lile tunda la bara liitwalo pichi. Ndiyo sababu Wamarekani waliipa jina Garden Peach, na wauza mbegu wa huko walikuwa wakiitangaza tangu karne ya 19. Ndugu yake, Wapsipinicon Peach, ameitwa kwa jina la mto wa jimbo la Iowa.

Tunda ni dogo, kiasi cha yai la kuku, rangi ya manjano, tamu, halina uchachu mwingi. Linaliwa na ngozi yake. Kwa kachumbari ni zuri. Kwa mchuzi mzito, tungule nyekundu ya kawaida inafaa zaidi.

JE, MANYOYA YANAFUKUZA WADUDU?

Hapa wengi hudanganyika. Iko tungule ya mwituni huko Peru na Ecuador ambayo vinyweleo vyake hutoa utomvu unaonasa wadudu. Hii yetu ya manyoya haina nguvu hiyo. Yule mdudu mharibifu kutoka Amerika ya Kusini, ambaye wenzetu wa Tanzania wanamwita kantangaze, alikuwa ameshaingia Kenya kufikia mwaka 2014, naye haogopi malaika. Kagua majani kila siku mbili. Ukiona jani lina michirizi mipana iliyokauka na kiwavi ndani, lichume ulichome. Usilitupe kwenye mboji.

MBEGU ZISIJE KWA MFUKO WA MGENI

Diani ni mji wa watalii, na ni rahisi mgeni au jamaa aliye Ulaya kukuletea pakiti ya mbegu. Tafadhali usikubali. Kuna virusi vya tungule vilivyoonekana Israel na Jordan katikati ya miaka ya 2010, na husafiri juu ya ganda la mbegu. Vikiingia, anayeumia si wewe peke yako, ni mtaa mzima. Anayetaka kuagiza aende kwanza KEPHIS, taasisi ya serikali ya afya ya mimea, apate kibali kabla mbegu hazijaondoka huko ziliko.

Ukiwa bado huna, usikae bure. Hatua zifuatazo zinafaa pia kwa Cal J au Rio Grande za duka la kilimo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Majira. Sia kitaluni mwezi wa Mei, uhamishe miche Juni, ili izae wakati wa kusi. Januari hadi Machi usiku wetu una joto mno. Maua hupukutika bila kushika tunda.

2. Udongo. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji na una minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi iwe na vinundu. Usipande palipokuwa na bamia, biringani au pilipili. Changanya samadi iliyooza vizuri. Ukiweza, wakati wa jua kali lowesha udongo, uufunike kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita. Joto hilo hupunguza minyoo.

3. Maji. Onja maji ya kisima. Yakiwa na chumvi, tumia ya mvua kwa miche michanga. Mwagilia kwa kiasi kile kile kila mara; ukiruka siku halafu ukafurikisha, tunda huoza kitako. Tandaza majani makavu shinani.

4. Fito. Mmea huu hutambaa na kurefuka sana. Simika fito na uufunge kwa kamba laini.

5. Mnyauko. Mche ukilegea ghafla majani yakiwa bado mabichi, kata shina, ulitie ndani ya glasi ya maji. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni bakteria. Ng'oa mche wote, uchome.

6. Tumbili na kima. Weka wavu, vuna tunda linapoanza tu kubadilika rangi. Sumu hapana, itaua hata kuku na watoto.

FAIDA YAKE HASA

Tungule chotara ukipanda mbegu zake, watoto hawafanani na mama. Hii ya manyoya, kama Cal J, si chotara, basi mbegu ni zako. Chagua mche bora, siyo tunda kubwa tu. Kamua mbegu ndani ya gilasi, ziache siku mbili zichachuke, zioshe, zianike kivulini kwenye sahani. Zikikauka, ziweke kwenye chupa iliyofungwa pamoja na mchele uliokaangwa mkavu, maana unyevu wa pwani huua mbegu upesi.

Neno la mwisho ni hili. Mtu akiwaambia kikundi chenu kwamba hoteli zitanunua tungule hizi kwa bei kubwa, msikope pesa za chama kwa maneno tu. Mnunuzi aonekane kwanza, aseme kilo ngapi na bei gani. Anzeni na miche mitano nyumbani, watoto wale kachumbari, na mbegu ibaki ndani ya nyumba.