Upweke unapotolewa kama dawa

Hadithi fupi haina kurasa za kutosha kuonyesha akili ikidhoofika siku baada ya siku. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman wa Marekani aliitatua shida hiyo kwa shajara katika The Yellow Wallpaper, iliyochapishwa mwaka 1892.

Msimulizi ni mwanamke aliyewekwa chumba cha ghorofani na mumewe, daktari, apate kupumzika. Amekatazwa kuandika, naye huandika kwa siri. Kwanza anailalamikia tu karatasi ya manjano iliyobandikwa ukutani. Kisha anaona mwanamke akitambaa nyuma ya nakshi zake. Hatimaye anaibandua ili amkomboe, na mwenyewe anatambaa. Mume si katili, na hapo ndipo penye uchungu: kwa maoni yake mgonjwa anaendelea vyema. Msomaji pekee ndiye aionaye hatari.

Gilman hakuibuni tiba hiyo. Mwaka 1887 alitibiwa na daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia. Kwa maelezo yake ya mwaka 1913, aliagizwa asishike kalamu tena maishani. Alitii kwa takriban miezi mitatu, akakaribia kurukwa na akili. Baadaye alimpelekea daktari huyo nakala ya hadithi. Hakujibiwa.